Kamera na lenzi za kitaalamu

Kamera ya kitaalamu ni kamera inayoweza kutegemewa na mtu anayejipatia riziki kwa kupiga picha. Neno "kitaalamu" halina kipimo rasmi hapa. Hakuna mamlaka inayoipa kamera cheti cha namna hiyo, na neno hilo likiandikwa kwenye boksi dukani ni tangazo la biashara tu. Kinachoitenganisha kamera ya kazi na kamera ya kujifurahisha ni kama itatoa picha inayokubalika kila mara, mahali kazi ilipo na katika mwanga uliopo, na kama sehemu yake moja ikiharibika kazi nzima haitapotea.

Makala hii inaeleza sifa za bodi na lenzi za namna hiyo kwa mifano ya Tabora na njia ya kati ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Unyanyembe, hadi Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Njia hiyo ina ushahidi wa zamani wa hasara inayotokea kifaa kinaposhindwa na safari. Hata leo vumbi, jua kali, giza la kumbi na umbali kutoka kwa mafundi huko huonyesha haraka kamera ipi ni ya kazi na ipi ni ya maonyesho.

Kamera iliyorudishwa pwani

Mwaka 1860 John Hanning Speke na James Augustus Grant waliondoka Zanzibar kutafuta chanzo cha mto Naili. Grant ndiye aliyepewa kazi ya kupiga picha, na picha alizopiga mjini Zanzibar mwaka huo ni miongoni mwa za mwanzo kabisa zinazojulikana za Afrika ya Mashariki. Lakini msafara ulipoingia bara kamera ilirudishwa. Walipofika Kaze, kituo cha wafanyabiashara Waarabu katika eneo la Tabora ya leo, Januari 1861, Grant alikuwa na penseli na rangi za maji tu.

Sababu haikuwa uvivu. Njia ya kupiga picha iliyotumika wakati huo ilibuniwa na Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka 1851. Bamba la kioo lilipakwa dawa nzito inayonata, likatumbukizwa katika maji ya chumvi ya fedha, likawekwa ndani ya kamera na kusafishwa likiwa bado bichi. Likikauka, picha imepotea. Kwa hiyo mpigapicha alihitaji hema la giza papo hapo, maji safi, chupa za dawa na mabamba ya kioo yasiyovunjika. Katika joto la nchi ya tropiki dawa ilikauka upesi, na hema lililofungwa lisiingize mwanga liligeuka tanuri. Speke aliandika kwamba kama angemwacha mwenzake aendelee, joto la ndani ya hema lingemuua. Tukumbuke pia kwamba kila kitu kilibebwa kichwani au begani. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na kila mzigo wa vioo ulichukua nafasi ya mzigo mmoja wa vitambaa au shanga ambazo ndizo zilizonunua chakula njiani.

Matokeo yake yanaonekana katika vitabu vya historia. Henry Morton Stanley alipomkuta David Livingstone Ujiji mwaka 1871, tukio hilo halikupigwa picha. Ile inayochapishwa katika vitabu vya shule ni mchoro. Wawili hao wakakaa pamoja katika tembe la Kwihara, nje kidogo ya Tabora, mwanzoni mwa 1872, na huko pia hakuna kamera iliyokuwapo. Picha mashuhuri ya Stanley akiwa na kijana Kalulu, aliyetokea naye katika safari hiyo, ilipigwa London, ndani ya studio. Abdullah Susi na James Chuma, waliousafirisha mwili wa Livingstone hadi pwani wakipitia Unyanyembe, walipigwa picha Uingereza mwaka 1874. Wapagazi Wanyamwezi waliobeba karibu biashara yote ya njia hiyo katika miaka hiyo wamebaki zaidi katika michoro na maandishi ya wageni. Kamera nzuri zilikuwapo duniani. Ila hazikuwa kamera za njia ya Tabora.

Hali ilibadilika pale mabamba makavu, yaliyobuniwa na Richard Leach Maddox mwaka 1871, yalipoenea, na baadaye filamu ya kuviringisha ya George Eastman, aliyeanza kuuza kamera ya Kodak mwaka 1888. Sasa picha iliweza kupigwa leo na kusafishwa baada ya miezi. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 mizigo haikutegemea tena vichwa vya watu. Walther Dobbertin, mpigapicha Mjerumani aliyefanya kazi katika koloni hilo kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza na wakati wa vita hivyo, aliacha mamia ya picha ambazo zimehifadhiwa katika Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya Ujerumani.

Bodi

Bodi ni sehemu ya kamera inayobaki lenzi ikitolewa. Ndani yake mna kihisi kinachopokea mwanga, shata inayofunguka na kufunga, kompyuta ndogo, betri na nafasi ya kadi ya kumbukumbu.

Shata ya kawaida ni mtambo wenye mapazia mawili membamba, nayo huchakaa. Watengenezaji hutaja idadi ya picha ambazo imejaribiwa kuhimili. Bodi za bei ya chini mara nyingi hutajwa kwa picha 100,000 hivi, na bodi za daraja la juu, kwa mfano Nikon D5, kwa picha 400,000. Tuseme mpigapicha wa Tabora anafanya sherehe mbili kila wiki, na kila sherehe anapiga picha 1,500. Kwa wiki ni picha 3,000. Bodi ya kwanza itafikia kikomo chake kabla ya miezi minane kwisha, na ya pili itapita miaka miwili na nusu. Si kwamba shata hufa siku hiyohiyo, lakini hesabu hii inaonyesha kwa nini bodi ya bei rahisi huweza kuwa ghali. Anayenunua bodi iliyotumika na aulize kwanza idadi ya picha ilizopiga, kama anunuaye pikipiki anavyotazama kilomita.

Kamera nyingi za sasa zina pia shata ya kielektroni isiyochakaa wala kutoa sauti, jambo zuri msikitini, kanisani au mbele ya ndege. Ina kasoro yake. Katika kamera nyingi kihisi husomwa mstari kwa mstari, hivyo mkono wa mpiga ngoma huweza kuonekana umepinda, na taa za LED za ukumbini huacha mistari ya giza katika picha.

Jambo ambalo wanafunzi wengi hawalioni wakisoma matangazo ni nafasi mbili za kadi. Kamera yenye nafasi mbili huandika kila picha mara mbili kwa wakati mmoja. Kadi hufa bila kutoa taarifa, na mahafali ya kidato cha sita hayarudiwi kwa sababu kadi ya mpigapicha imegoma. Bibi harusi hatavaa shela tena Jumatatu. Kwa kazi za namna hii, nafasi ya pili ya kadi ina thamani kuliko kuongeza megapikseli.

Megapikseli zenyewe hutiliwa chumvi mno. Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha yenye nukta 6,000 kwa 4,000. Ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, inafikia upana wa sentimita 50 bila kupoteza ukali, na hiyo ni picha kubwa ya kutundika sebuleni. Albamu ya harusi haihitaji zaidi. Megapikseli 45 au 60 zina faida kwa mabango na kwa picha zitakazokatwa sana, lakini hujaza kadi na kompyuta upesi.

Kihisi

Kihisi ni kipande chenye mamilioni ya vipokea mwanga vidogo. Ukubwa wake ndio unaoamua mengi. Kihisi kamili kina milimita 36 kwa 24, sawa na fremu ya filamu ya milimita 35 iliyoenezwa na kamera ya Leica kuanzia mwaka 1925. Kihisi cha aina ya APS-C katika kamera nyingi kina takriban milimita 23.5 kwa 15.6. Ukizidisha utapata milimita za mraba 864 dhidi ya 367, yaani kihisi kamili hupokea mwanga zaidi ya mara mbili kwa mpangilio uleule. Kihisi cha simu ni kidogo zaidi ya hapo. Simu hufidia upungufu huo kwa kupiga picha nyingi kwa mfululizo na kuziunganisha kwa hesabu, na hufanya hivyo vizuri mchana, ila mtu anayecheza gizani humshinda.

Ili kuona ukubwa wa tatizo, tulinganishe mwanga wa mchana na wa ukumbini. Tabora iko karibu digrii 5 kusini mwa ikweta, hivyo mapema Machi na mapema Oktoba jua hufika karibu utosini kabisa. (Kwa kuwa mji uko magharibi mwa nchi na saa ni ile ya Dar es Salaam, jua hufika hapo karibu saa saba mchana, si saa sita.) Katika jua hilo, kamera ikiwa ISO 100 na tundu la f/16, shata ya sekunde 1/125 inatosha. Usiku, katika ukumbi wa sendofu wenye taa za rangi, shata ileile ya 1/125 huhitaji ISO 3200 na tundu la f/2.8, na pengine hata hivyo haitoshi. Kutoka ISO 100 hadi 3200 ni hatua tano za kuongeza maradufu, na kutoka f/16 hadi f/2.8 ni hatua tano nyingine. Maradufu mara kumi ni 1,024. Ukumbi huo, basi, una mwanga kama sehemu moja ya elfu ya ule wa uani mchana, na kamera moja inatakiwa kufanya kazi kote kuwili siku hiyohiyo.

Kihisi kizuri hupimwa pia kwa uwezo wa kushika sehemu nyeupe na nyeusi katika picha moja. Bwana harusi mwenye ngozi nyeusi akisimama juani kando ya shela jeupe, kihisi dhaifu humlazimisha mpigapicha achague: ama uso uonekane na shela liwe karatasi tupu, ama shela lionekane na uso uwe kivuli. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera nacho huongeza matata, kwa sababu huchukulia kwamba kitu kilicho mbele yake kina weupe wa wastani, wa kurudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Fremu ikijaa shela, kamera hutia giza picha nzima, na uso huzama. Mtaalamu hupima mwanga wa uso wenyewe, hutumia flashi kujaza vivuli, na huhifadhi faili ghafi, linalojulikana kama RAW. Faili ghafi la biti 14 lina ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi, wakati JPEG ya biti 8 ina 256.

Jambo hili lina historia yake. Kwa miaka mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi ya mfano yenye mwanamke mweupe, iliyoitwa kadi ya Shirley, na filamu za rangi hazikutengenezwa kwa kufikiria ngozi nyeusi. Wateja wengi wa studio za Afrika waliona nyuso zao zimekuwa nyeusi tititi huku meno na macho yaking'aa, wakadhani ni makosa ya mpigapicha. Kihisi cha kisasa kimeondoa sehemu kubwa ya lawama hiyo, mradi anayekitumia anajua kupima.

Lenzi

Wapigapicha wenye uzoefu huweka fedha kwenye lenzi kabla ya bodi, nao wana haki. Bodi hupitwa na wakati baada ya miaka michache. Lenzi nzuri hutumika kwa miongo.

Lenzi hutajwa kwa namba mbili. Ya kwanza ni urefu wa fokasi kwa milimita: namba ndogo huona eneo pana, kubwa huvuta kitu cha mbali. Ya pili, yenye f, ni urefu wa fokasi ukigawanywa kwa kipenyo cha tundu linalopitisha mwanga. Lenzi ya milimita 50 yenye f/2 ina tundu la milimita 25. Lenzi ya milimita 200 yenye f/2.8 inahitaji tundu la zaidi ya milimita 71, na hapo ndipo uzito na bei vinapotoka: kioo kikubwa kisicho na dosari ni kigumu kutengeneza. Lenzi ya zumu ya milimita 70 hadi 200 yenye f/2.8 ina uzito wa kilo moja hadi moja na nusu.

Lenzi za bei ya chini zinazouzwa pamoja na bodi huanza f/3.5 na kushuka hadi f/5.6 zikivutwa. Kati ya f/5.6 na f/2.8 kuna tofauti ya mwanga mara nne. Ukumbini tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mchezaji ataonekana amesimama au amekuwa moshi. Zumu za kazi hubaki f/2.8 kuanzia mwanzo hadi mwisho. Asiye na fedha za zumu hizo anaweza kuanza na lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, isiyo na zumu, ambayo ni nyepesi, rahisi na kali kuliko zumu nyingi za bei ndogo. Atasogea kwa miguu badala ya kuvuta.

Kila kazi ina lenzi yake. Ndani ya tembe la Kwihara, ambalo sasa ni jumba la makumbusho la Livingstone, mpigapicha hana nafasi ya kurudi nyuma, hivyo hutaka lenzi pana ya milimita 16 hadi 35 na stendi ya miguu mitatu. Lenzi pana isiyo nzuri hupinda kuta na kufanya pembe za picha ziwe butu. Kwa wafugaji nyuki wa misitu ya miombo, wanaofukiza mizinga jioni, hufaa lenzi ya milimita 100 au zaidi, kwa ajili ya picha na kwa ajili ya nyuki pia.

Mfano bora uko mwisho wa njia, karibu na Ujiji. Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960 kuwachunguza sokwe, na mwaka 1962 jarida la National Geographic likamtuma Hugo van Lawick awapige picha. Sokwe ni mweusi, msitu una kivuli, na mwanga unaopenya majani huanguka kwa mabaka. Kusogea karibu ni kumfukuza mnyama. Kazi kama hiyo humtaka mtu awe na lenzi ndefu yenye tundu kubwa, mahali pa kuiegemeza, na subira ya kukaa siku nzima. Picha na filamu zake zilifanya ulimwengu uone kile ambacho Goodall alikuwa akikiandika.

Hata hivyo lenzi haimfundishi mtu kuona. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza na Box Brownie, kamera ya boksi yenye lenzi sahili kabisa, kabla ya kuanzisha Camerapix mwaka 1963 na kujulikana duniani kwa picha za njaa ya Ethiopia ya 1984.

Vumbi, joto na ukungu

Wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, vumbi la barabara za Tabora huingia popote penye upenyo. Bodi na lenzi za kazi huwekewa vizuizi vya mpira kwenye maungio, vitufe na milango ya kadi. Vizuizi hivyo havifanyi kamera kuwa ya kuzama majini, na havina maana kama bodi imezibwa lakini lenzi haina mpira kwenye shingo yake.

Hatari kubwa ni wakati wa kubadilisha lenzi. Chembe ikitua juu ya kihisi huonekana kama doa la kijivu angani, hasa kwenye f/11 na f/16, kwa kuwa tundu dogo hufanya kivuli cha chembe kiwe kikali. Kwenye f/2.8 doa hilohilo halionekani, ndiyo maana mtu hugundua baada ya siku kadhaa. Kamera zisizo na kioo cha ndani huacha kihisi wazi zaidi lenzi inapotolewa, ingawa baadhi hufunga shata kukilinda. Desturi nzuri ni kuzima kamera, kuielekeza chini na kuupa upepo mgongo. Bora zaidi ni kubeba bodi mbili zenye lenzi tofauti na kutobadilisha kabisa. Bodi ya pili ndiyo pia akiba ya kwanza ikigoma.

Pwani, mwanzo wa njia ileile, adui si vumbi bali unyevu. Bagamoyo na Zanzibar lenzi iliyofungiwa kwenye begi lenye unyevu huota kuvu ndani ya vioo, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ambazo hula upako wa kioo. Dawa yake ni sanduku linalofunga vizuri, pakiti za kunyonya unyevu, na kuitumia lenzi mara kwa mara.

Mfumo na mafundi

Lenzi hushikwa na bodi kwa shingo ya chuma, na kila kampuni ina shingo yake. Nikon F ilianza 1959, Canon EF 1987, Sony E 2010, kisha Canon RF na Nikon Z mwaka 2018. Katika shingo mpya za kamera zisizo na kioo lenzi iko karibu sana na kihisi: milimita 16 tu kwa Nikon Z, wakati Nikon F ilikuwa milimita 46.5. Kwa hiyo lenzi ya zamani inaweza kufungwa kwenye bodi mpya kwa adapta inayoziba pengo hilo, lakini lenzi mpya haiwezi kurudi kwenye bodi ya zamani. Anayeanza na lenzi chache za EF au F zilizotumika hajapoteza fedha zake.

Kuchagua mfumo ni kuchagua pia majirani. Kutoka Tabora hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 kwa reli, na kifaa kikitumwa kwa fundi huweza kukosekana kwa wiki kadhaa. Mpigapicha ambaye wenzake mjini wanatumia shingo ileile anaweza kuazima lenzi, betri au chaja Ijumaa jioni na kufanya kazi Jumamosi asubuhi. Mwenye kamera bora kuliko zote, lakini ya pekee mkoani, betri yake ikifa atapiga harusi kwa simu.